Nafasi Kwanza, Darasa Baadaye
Mhadhara wa Tononoka, Mombasa



Nimeombwa nizungumzie mafunzo na ajira katika mji wetu. Nina jambo moja tu la kusema. Chuo peke yake hakiwezi kumkamilisha mfanyakazi, kwa sababu nusu ya ujuzi iko gatini, melini, kiwandani na hotelini, na milango ya huko ufunguo wake anao mwajiri. Basi mwajiri aingie katika mafunzo tangu siku ya kwanza, aingie pamoja na waajiri wenzake wa kazi ile ile, na aje na nafasi zilizoandikwa. Asingoje mpaka mwisho ndipo aseme vijana wa siku hizi hawajui kazi.

Kutoka hapa Tononoka, ukishika njia ya Tudor, hufiki mbali ila umeuona mlango wa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Ukishika njia ya Shimanzi unayakuta magodauni na matangi ya mafuta, na nyuma yake Kilindini yenyewe, bandari inayolisha Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki ya Kongo. Shule na kazi ni majirani. Kati yao, kila mwaka, anapita kijana mwenye bahasha ya kaki.

Mtazameni vizuri. Ndani ya bahasha mna barua ya chuo, nakala ya kitambulisho, karatasi ya bima na pengine cheti cha tabia njema kutoka polisi. Anatafuta atachimenti, yale mazoezi ya kazini ambayo bila ya hayo masomo yake hayakamiliki. Bahasha moja anaiacha kwa bawabu wa lango hili, ya pili kwa bawabu wa lango lile. Anaambiwa atapigiwa simu. Wiki zinakwenda, muhula unakaribia kwisha, na mwishowe anaketi kwenye duka la binamu yake ili apate muhuri katika logibuku. Aliyesomea mitambo anatoa fotokopi. Akifuzu, cheti anacho, lakini mashine aliyoisomea hajapata kuigusa. Kisha tangazo la kazi linamtaka awe na uzoefu wa miaka mitatu.

Kijana huyu hana kosa, na mwalimu wake hana kosa. Tumewapa mzigo wa kutafuta kitu ambacho kilipaswa kuwa kimekwisha kupangwa kabla kijana hajalipa karo.

Wazee waliomo humu wanajua kwamba mafunzo hayakuwa hivi zamani. Muunda jahazi, sonara, mchonga milango wa Mji wa Kale, kila mmoja alikuwa na wanagenzi wake. Mzazi alimpeleka mwanawe akamkabidhi kwa fundi. Mtoto alianza kwa kufagia mabanzi, akapewa msasa, siku moja akapewa tezo, na alipofuzu fundi alipewa kilemba chake. Nguvu ya mpango ule ni kwamba fundi alikuwa na kazi mkononi. Mwanagenzi alijifunza juu ya chombo ambacho mwenye mali alikuwa anakingoja akiingize baharini. Akikosea, kosa lilionekana siku ile ile na likasahihishwa siku ile ile. Kasoro yake ilikuwa mlango mwembamba, maana aliyeingia ni mtoto wa ndugu, wa jirani au wa rafiki. Na alipohama mji hakuwa na karatasi ya kumshuhudia.

Mpango huo haujafa, tena uko katika biashara kubwa kuliko tunavyodhani. Nendeni Nyerere Avenue, kwenye jengo la biashara ya chai. Mnada wa chai ulihamia Mombasa kutoka Nairobi mwaka 1969, na leo huuzwa hapa chai ya Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda, Burundi, Kongo, Malawi na kwingineko. Kila sampuli hupitia kwa mwonjaji. Vikombe vyeupe vimepangwa safu ndefu juu ya meza, mbele ya kila kikombe kuna majani makavu ya chai ile ile. Chai hupimwa kiasi cha gramu 2.8, humiminiwa maji yanayochemka, hungojewa dakika tano au sita. Mwonjaji anapita na kijiko. Anavuta funda kwa kishindo ili lienee kinywani, anatema, anasema neno moja au mawili, anasonga mbele. Vikombe ni mamia kwa siku. Nyuma yake anatembea mwanagenzi, naye anaonja kikombe kile kile na kujaribu kufikia hukumu ile ile. Miaka hupita kabla hajaachiwa meza peke yake.

Ulimi huo haupatikani kwa vitabu. Makampuni ya chai yalilijua hilo, yakafundisha yenyewe, kwa mshahara wao, mezani kwao. Nawapongeza kwa hilo. Lakini niwaulize mliotoka Majengo, Makupa na Kisauni: ni wangapi kati yenu mliwahi kuambiwa shuleni kwamba kazi hiyo ipo, umbali wa nauli ya matatu moja kutoka kwenu? Mafunzo yaliyo mazuri sana yanaweza kuwa ndani ya mji na mji usiyajue. Ndiyo sababu nasema mwajiri mmoja mwema hatoshi. Panatakiwa meza ya pamoja, yenye mlango ulio wazi.

Tuliwahi kukaribia meza hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1940 ilianzishwa Mombasa taasisi ya elimu ya Kiislamu, MIOME, ambayo mchango wake mkubwa ulitoka kwa Aga Khan wa Tatu na Sultani Khalifa bin Harub wa Unguja, pamoja na serikali ya kikoloni. Ililetewa vijana wa Kiislamu kutoka Afrika Mashariki yote, wakafunzwa ufundi wa mitambo, umeme, useremala na ubaharia. Mwaka 1966 ikawa Taasisi ya Ufundi ya Mombasa, mwaka 1972 ikawa Politekniki, na mwaka 2013 Chuo Kikuu cha Kiufundi. Mimi nafurahi tukipata chuo kikuu. Ila kila tulipopandisha daraja la chuo, hatukuuliza kwa bidii ile ile kama karakana imepanda nacho, na kama wenye viwanda bado wanajua njia ya kuingia humo.

Sasa niwapeleke baharini, maana huko ndiko jambo langu linaonekana bila ya pazia.

Mkataba wa kimataifa wa mafunzo ya mabaharia, STCW, wa mwaka 1978, uliofanyiwa marekebisho makubwa mwaka 1995 na 2010, unasema wazi: anayetaka kuwa ofisa wa lindo wa sitaha katika meli kubwa lazima awe amekaa baharini si chini ya miezi 12 ndani ya mafunzo yaliyoidhinishwa, akijaza daftari lake chini ya usimamizi wa maofisa wa meli. Asiyepitia mafunzo hayo anahitaji miezi 36. Hakuna mtihani wa darasani unaoweza kufidia miezi hiyo. Kenya iliingia mwaka 2010 katika orodha ya nchi ambazo vyeti vyake vya ubaharia vinatambuliwa na Shirika la Kimataifa la Bahari. Mwaka 2018 Chuo cha Bandari, kilichokuwa cha Mamlaka ya Bandari, kikageuzwa kuwa Bandari Maritime Academy, shirika linalojisimamia. Walimu wapo, madarasa yapo. Kinachopungua ni kitanda kimoja ndani ya meli kwa kila kadeti, na kitanda hicho hakimilikiwi na chuo wala na serikali. Ni cha mwenye meli.

Mwaka 2019 sheria ya meli ilipobadilishwa ili Shirika la Meli la Kenya lishirikiane na kampuni ya meli ya MSC, ahadi iliyosikika sana ilikuwa ajira za mabaharia wetu. Wapo vijana wa Pwani waliopanda meli, hasa meli za kitalii, kwa kazi za jikoni, usafi na kuhudumia wageni. Ni kazi za halali, na pesa zake zimejenga nyumba na kulipa karo. Lakini kadeti wa sitaha na kadeti wa injini ndiye atakayekuwa nahodha au mhandisi mkuu baada ya miaka kumi, na nafasi yake ndiyo iliyokuwa adimu. Nafasi ya kadeti lazima iandikwe ndani ya mkataba kabla wino haujakauka: kila kampuni inayoleta meli zake hapa kwa mapatano maalumu ichukue makadeti wangapi, kwa miezi mingapi, na nani atahakikisha. Ikiachwa kuwa nia njema, inabaki kuwa nia. Na penye upungufu kama huo hujitokeza mawakala wanaouza kazi za melini ambazo hazipo, na mama anauza kiwanja chake kumlipa mtu asiye na meli.

Je, jambo hili la mwajiri kuingia katika mafunzo limewahi kujaribiwa nchi kavu? Ndiyo, na hapa hapa Mombasa. Mwaka 2010 ulianza mradi wa kuwawezesha vijana, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, na sehemu yake ya mafunzo ikakabidhiwa KEPSA, muungano wa sekta binafsi. Ulianzia Nairobi, Mombasa na Kisumu, kwa vijana wa miaka 15 hadi 29 waliokuwa nje ya shule na bila kazi. Walikaa darasani kiasi cha miezi mitatu, kisha wakaingia kwa mwajiri miezi mitatu mingine. Kijana alipewa posho, na mwajiri naye alipata kitu kidogo kwa ajili ya mfanyakazi wake aliyepoteza saa zake kufundisha. Hiyo saa ya fundi mkubwa ndiyo gharama ya kweli ya mafunzo, na ni nadra kuona mtu akiihesabu. Kasoro ya mradi ni ile ya miradi yote: una tarehe ya kwisha. Mrithi wake, KYEOP, uliondolewa mikononi mwa waajiri ukapelekwa kwa Mamlaka ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, ingawa ulifanya jambo moja kubwa, kumtambua fundi wa jua kali kuwa mwalimu na kumpelekea wanagenzi barazani kwake.

Mtasema pesa ya kudumu itoke wapi. Pesa ipo, na tayari inatozwa. Sheria ya Mafunzo ya Viwandani ni ya mwaka 1959, na ushuru wa mafunzo umekuwapo tangu miaka ya 1970. Mwajiri hulipa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, shilingi 600 kwa mwaka, awe mfagiaji au meneja. Anayefundisha wafanyakazi wake kwa utaratibu uliokubaliwa anaweza kurudishiwa sehemu ya gharama. Kampuni kubwa yenye ofisi ya rasilimali watu inaijua njia hiyo. Mwenye gereji ya watu saba hapo Makupa hana wa kumjazia fomu, kwa hivyo analipa tu. Majirani zetu Tanzania walichagua njia nyingine: ushuru wao wa kuendeleza ujuzi ni asilimia ya mishahara, ulikuwa 6 ukashushwa hatua kwa hatua hadi 3.5 kufikia mwaka 2023, na sehemu yake huihudumia VETA, mamlaka yao ya mafunzo ya ufundi. Sisemi tuwaige kwa upofu, maana waajiri wa huko wameulalamikia uzito wake miaka mingi. Nasema kwetu mzigo ni mwepesi, na faida nayo imekuwa nyepesi kwa mwajiri mdogo.

Mwaka 2016 serikali ilipoweka nafuu ya kodi kwa mwajiri anayechukua wahitimu kama wanagenzi, sharti lilikuwa wasipungue kumi. Wanagenzi kumi! Sharti hilo liliifunga milango ya karakana nyingi za mji huu kabla hazijabisha. Kama gereji tano zingeruhusiwa kuungana na kuhesabiwa kuwa mwajiri mmoja, wawili hapa na wawili pale, kumi wangetimia bila taabu.

Mahoteli yalionyesha mapema kwamba sekta inaweza kujilipia shule. Asilimia 2 ya mapato yao ndiyo iliyokiendesha Chuo cha Utalii, kilichofunguliwa Nairobi mwaka 1975 kwa msaada wa Uswisi. Watu wa Pwani, ambako ndiko wageni huja kulala, wameahidiwa chuo chao cha Ronald Ngala pale Vipingo, na ujenzi wake umesuasua tangu mwaka 2013. Linanikera, sitalificha. Hoteli za Nyali, Diani na Watamu zina majiko na vyumba tayari. Mafunzo yangeweza kuanzia humo wakati kuta zinangojewa.

Kuna somo jingine, la Kwale. Base Titanium ilipochimba mchanga wa madini na kuusafirisha kupitia Likoni kuanzia 2014, iliwapa kipaumbele wenyeji wa vijiji vya karibu, kisha wa kaunti, kisha wengine, na iliwafunza. Watoto wa wakulima waliendesha mitambo mikubwa na kutengeneza pampu. Mwishoni mwa 2024 madini yaliyofaa kuchimbwa yalikwisha na mgodi ukafungwa. Siku hiyo swali la kila mfanyakazi lilikuwa moja: ujuzi wangu utasomeka wapi nje ya lango hili? Mwenye cheti cha NITA au cha chuo alikwenda nacho popote. Mwenye barua ya kampuni tu alikwenda na karatasi ambayo mwajiri mwingine hana haja ya kuiamini. Kwa hivyo mafunzo yakiongozwa na mwajiri yasimalizike kwa kadi ya mwajiri. Yamalizike kwa mtihani wa taifa. Na wale wenye ujuzi usio na karatasi, ambao ni wengi Mombasa kuliko wenye karatasi, wapitishwe katika utaratibu wa kutambua ujuzi uliokwisha kupatikana, ili fundi aliyeunganisha vyuma miaka ishirini asirudishwe kukaa na watoto kidato cha kwanza cha ufundi.

Naona wazee wa chama cha makuli wananitazama. Ndiyo, nawajia. Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 wa mji huu waligoma, wa bandari, wa reli, wa mahotelini na wa majumbani, na mji ukasimama karibu wiki mbili. Kuli wa siku zile alikuwa mtu wa siku moja: asubuhi alichaguliwa langoni au aliachwa, na kesho yake ilikuwa haijulikani. Ni baada ya mgomo huo, na ule wa 1955, ndipo waajiri wa bandari walipokubali pole pole kuwaandikisha makuli na kuwapa kazi ya kudumu. Mfanyakazi wa siku moja hafunzwi na mtu. Nani atampa kreni ya mamilioni mtu ambaye kesho huenda asimwone? Kudumu kazini na kufunzwa kazini ni kitu kimoja, na kwa hilo chama cha wafanyakazi kina haki ya kiti katika meza ninayoisema. Kisipokuwapo, wanagenzi watageuzwa vibarua wa bei nafuu, mmoja akimaliza miezi mitatu aletwe mwingine, na anayestahili kuajiriwa asiajiriwe kamwe.

Na kuna lile linalosemwa barazani kwa sauti ya chini, nami nalisema hadharani: kazi za mji huu zinapita kwa mjomba, kwa bahasha na kwa simu kutoka juu. Watu wa Pwani wana uchungu wa kuziona nafasi za bandari zikijazwa na wageni wa mji. Uchungu huo ni wa haki. Lakini hautapozwa kwa kubadilisha mjomba mmoja kwa mjomba mwingine. Orodha ya nafasi ikibandikwa ukutani kabla ya mafunzo, na majina ya waliofaulu yakibandikwa pale pale kwa alama zao, mjomba atapata kazi ngumu sana.

Katiba ya 2010 ilizipa kaunti vyuo vya ufundi vya vijijini, na taifa likabaki na politekniki na vyuo vikuu. Kaunti sita za Pwani zina jumuiya yao. Kila mmoja ana kipande chake cha mafunzo, na hakuna sheria iliyomwita mwajiri wa Mombasa akae na mwajiri wa Kilifi na wa Kwale waseme kwa pamoja: mwaka ujao tunahitaji mafundi hawa, wangapi, wa kiwango gani. Mwito huo lazima utoke kwa waajiri wenyewe, kupitia shirikisho lao na chemba ya biashara.

Nimeombwa nitaje pa kuanzia. Nachagua makontena ya baridi.

Maparachichi, nyama na samaki hupita Kilindini ndani ya makontena yenye mitambo yake ya kupoza. Mtambo ukizimika gatini wakati wa joto la Februari, shehena yote huharibika, na mkulima wa Murang'a ndiye anayelia. Mafundi wa mitambo hiyo hawatoshi. Karakana moja niliyoitembelea ilikuwa inawafundisha vijana majokofu kwa friji ya nyumbani ya volti 240, na mwalimu alikuwa mzuri kweli kweli. Kontena la baridi hutumia umeme wa fezi tatu, volti 380 hadi 460. Kijana wa friji ya nyumbani akilifungua bila kufunzwa anaweza kufa.

Basi waajiri watano: kampuni mbili za meli, mwenye yadi ya makontena, mwenye ghala la matunda na bandari yenyewe. Kila mmoja aandike nafasi nne. Hilo ni darasa la watu ishirini. Yadi itoe kontena moja bovu liwekwe chuoni, na fundi mmoja aje siku mbili kwa wiki, saa zake zilipwe kutokana na ushuru ule wa shilingi 50. Mwanagenzi akae nusu ya wiki darasani na nusu yadini kwa mwaka mzima, kwa mfano wa Wajerumani na Waswisi wanaogawa wiki kati ya darasa na kazi, apate posho ya nauli na chakula, afanye mtihani wa NITA, na anayefaulu aajiriwe na yule aliyeandika nafasi. Wasichana wahesabiwe tangu kwenye tangazo, kwa kuwa bisibisi haichagui mkono.

Waajiri mlioketi safu ya mbele, karatasi ya nafasi hizo ishirini haihitaji kibali cha Nairobi. Iwe na jina la kampuni, idadi ya nafasi, jina la fundi atakayesimamia na sahihi yenu. Ifike mezani kwa mkuu wa chuo kabla ya wanafunzi wapya kuandikishwa mwezi wa Septemba. Walimu watakuwapo nje ya ukumbi huu baada ya maswali, na meza tumewawekea.